Kamera isiyo na kioo katika hewa ya Mombasa: dalili, chanzo na tiba

Kamera isiyo na kioo (mirrorless) ni ile isiyo na kioo cha kurukaruka kati ya lenzi na sensa, kipande kinachonasa picha. Kabla ya kuilaumu, itenganishe. Ni vitu vinne vinavyotegemeana: bodi (kiwiliwili cha kamera), lenzi, betri na kadi. Cha tano ni mipangilio, ambayo huenda kidole kiliigusa ulipokuwa ukiingiza kamera mkobani. Badilisha kimoja kwa wakati na uviache vingine vilivyo. Tatizo likiifuata lenzi hadi kwenye bodi nyingine, kosa ni la lenzi. Likibaki na bodi hata ukiweka lenzi nyingine, umeshajua pa kutafuta. Mwenye bodi moja na lenzi moja aazime ya mwenzake wa maunti (pete ya kufungia lenzi kwenye bodi) ileile kwa dakika kumi. Kama kubadilisha hakukuonyesha kitu, rudisha mipangilio ya kiwandani, ila kwanza piga picha za kurasa za menyu kwa simu, la sivyo utapoteza jioni nzima ukikumbuka ulivyokuwa umeipanga.

Jambo la pili ni hewa. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na kamera havikuandikwa kwa mji uliozungukwa na maji ya chumvi, na mengi yaliyo hapa chini yanatokana na hilo.

Picha imeingia weupe kama tui

Umetoka chumba chenye kiyoyozi, umefika Fort Jesus, umetoa kamera, na kila picha haina weusi wa kueleweka. Taa zina duara la mwanga pembeni. Baada ya muda hali inajitengeneza yenyewe, nawe unabaki ukishuku lenzi.

Chanzo ni umande. Hewa ikiwa na nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 70, hali ya kawaida kabisa hapa, mvuke wake hugeuka maji juu ya kitu chochote chenye takriban nyuzijoto 24 au chini ya hapo. Kiyoyozi kikiwekwa 20, lenzi iliyolala chumbani usiku kucha nayo ina 20. Ukiitoa tu, inalowa. Lenzi ndogo ya 35 mm hupata joto la nje kwa takriban robo saa, lakini lenzi kubwa ya 70-200 mm f/2.8 ina vioo vingi na chuma kingi, kwa hiyo huweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima.

Tiba ni kuizuia hewa yenye unyevu isiguse kioo baridi. Ukiwa bado chumbani, weka kamera kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, kamua hewa, funga, ndipo utoke. Umande utajikusanya juu ya plastiki. Usifungue mpaka plastiki ikauke kwa nje na kamera isiwe na ubaridi ukiishika. Njia rahisi zaidi ni kutoiweka kamera chumba cha kiyoyozi usiku wa kuamkia kazi. Kwa harusi ya ukumbi wenye kiyoyozi ambapo maharusi watatoka nje kupigwa picha, bodi ya pili ibaki nje na mwenzako tangu mwanzo.

Kuna makosa mawili yanayoongeza madhara. La kwanza ni kupangusa kwa shati mara kwa mara, kwa sababu umande unarudi papo hapo na chumvi iliyo kwenye kitambaa inakwaruza. La pili ni kubadilisha lenzi wakati bodi bado baridi, maana hewa ya nje inakwenda moja kwa moja hadi kwenye sensa. Kikausha nywele usikiguse kabisa. Hulainisha gundi na grisi ndani ya lenzi.

Angalia pia umande uko wapi. Ukiwa kioo cha mbele au cha nyuma, hauna neno. Ukiwa katikati ya lenzi ya zumu, hewa imevutwa ndani lenzi ilipokuwa ikirefushwa na kufupishwa, kwa hiyo iweke kwenye boksi kavu kwa saa 24. Ukijirudia ndani siku ambayo kamera haikutoka baridini, hayo ni maji yaliyoingia, na kusubiri hakutasaidia.

Kuna nyuzi nyembamba zenye matawi ndani ya lenzi

Hiyo ni kuvu. Huanzia mara nyingi ukingoni mwa kioo na kuelekea katikati. Ili uione, fungua upenyo (tundu la mwanga ndani ya lenzi, linalopimwa kwa namba za f/) hadi mwisho, toa vifuniko vyote viwili, angaza tochi ya simu kutokea nyuma kwa pembe, na utazame kutoka mbele katika chumba chenye giza. Vumbi huonekana kama nukta zilizotawanyika na halina neno. Kuvu ina matawi. Utando wa kijivu uliosambaa sawasawa ni mvuke wa grisi au gundi ya vioo inayoachana. Fanya jaribio hili kabla ya kulipia lenzi yoyote iliyotumika, na muuzaji akikataa kuzima taa, ondoka.

Kuvu hupenda unyevu unaozidi asilimia 60 kwa muda mrefu, giza, na hewa isiyotembea. Kabati la nguo la Mombasa lina vyote vitatu. Mkoba wa ngozi uliokuja na kamera ni mbaya zaidi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuukalisha karibu na kioo. Watu huogopa kuweka lenzi yenye kuvu karibu na nzima wakidhani itaambukiza. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali, hata juu ya lenzi mpya. Kinachoamua ni unyevu.

Boksi kavu la bei nafuu ni chombo cha plastiki cha lita 10 hadi 15 chenye mpira kwenye mfuniko, aina ya kuhifadhia chakula, pamoja na gramu 200 za silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu. Kiasi hicho kinatosha na kubaki. Lita 15 za hewa, hata ikishiba mvuke kwa nyuzijoto 30, hubeba chini ya nusu gramu ya maji, na gramu 200 za silika hunywa zaidi ya gramu 30. Kinachoimaliza silika ni mikanda ya kitambaa, mikoba na sponji zilizolowa jasho. Hizo ziache nje ya boksi.

Lenga asilimia 40 hadi 50. Usishuke sana chini ya 35, kwa kuwa mpira na vilainishi navyo havipendi ukavu uliopita kiasi. Vipimo vya bei rahisi hudanganya, kwa hiyo kihakikishe: jaza kizibo cha chupa chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, kifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, uache usiku kucha. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 69, basi kila mara ongeza 6.

Silika ikibadilika rangi, ioke kwenye trei ya chuma kwa nyuzijoto 120, saa mbili hadi tatu, kisha ifungie kwenye chupa ikiwa bado ya moto. Chagua ya rangi ya machungwa, kwa sababu ya buluu ina kobalti, nayo ni sumu. Vifuko vya karatasi vinavyopatikana ndani ya viatu vipya ni vidogo mno kwa kazi hii, na karatasi yake huungua. Mchele hausaidii: unanyonya polepole na unaacha unga ndani ya maunti.

Kuhusu kuanika lenzi juani: mwanga wa jua unaweza kuua baadhi ya kuvu ya juu, lakini nyuzi zake hubaki palepale, na joto hulainisha grisi ikatiririka hadi kwenye mapezi ya upenyo. Kuvu ya kioo cha mbele au cha nyuma, fundi huisafisha kwa muda mfupi. Ya vioo vya kati inataka lenzi ifunguliwe na kupangwa upya, na kwa lenzi ndogo inayokuja na kamera gharama hiyo mara nyingi huzidi bei ya nyingine iliyotumika. Usichelewe vilevile. Kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo, na alama hiyo haitoki hata kuvu yenyewe ikiondolewa.

Pete za lenzi zinakwaruza, vitufe vinanata, skrubu za maunti zina kutu

Chumvi. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, upepo hutoka baharini na kubeba matone madogo sana hadi mbali na maji. Huhitaji kurushiwa wimbi. Saa mbili Mama Ngina Waterfront au Shelly Beach zinatosha kuacha utando. Utando ukikauka ni fuwele, na fuwele ukizisugua kwa kitambaa kikavu unakwaruza kioo.

Ukifika nyumbani, kwanza puliza kwa kipulizo cha mpira. Kisha lowesha kitambaa laini kwa maji baridi, ukikamue mpaka kisitone, upanguse bodi, pete za lenzi na kingo za milango ya betri na kadi. Rudia kwa kitambaa kikavu. Kioo cha mbele kishughulikie mwisho, kwa kitambaa chake peke yake. Angalia maji yenyewe: visima vingi vya Mombasa hutoa maji ya magadi au ya chumvi, na kupangusa chumvi kwa maji ya chumvi ni kazi bure. Tumia ya chupa au ya mvua.

Kamera iliyoandikwa kuwa inahimili hali ya hewa haikuandikwa kuwa inaweza kuogelea. Ikianguka baharini, toa betri hapohapo, kisha kadi, usiiwashe kuona kama bado nzima, na ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Kinachoua bodi za saketi ni chumvi inayoendelea kula shaba hata baada ya maji kukauka.

Kichujio cha UV mbele ya lenzi kina kazi ufukweni, kwa sababu unakisugua hicho badala ya kioo chenyewe. Usiku kivue. Taa za barabarani huakisiana kati ya kichujio na lenzi na kukuletea taa za pili, za kijani, upande wa pili wa picha, hasa kikiwa cha bei ya chini.

Madoa ya kijivu angani, mahali palepale kila picha

Kama doa halihami ukibadilisha lenzi, liko kwenye kioo kinachofunika sensa. Kamera hizi hazina kioo cha kurukaruka mbele ya sensa, na nyingi huacha shata (pazia la sensa) wazi hata zikizimwa, kwa hiyo kila ubadilishapo lenzi vumbi lina njia nyeupe. Baadhi, kama Canon EOS R, hufunga shata zikizimwa. Kama yako ina mpangilio huo, uwashe.

Pima hivi: f/16 au f/22, ISO 100, fokasi ya mkono iwekwe nje ya kulenga, piga anga isiyo na wingu au ukuta mweupe huku ukitikisa kamera kidogo. Madoa yatajichora. Kwa f/2.8 hayaonekani, ndiyo maana mtu hupiga nyuso miezi mitatu bila kujua, kisha akapiga bahari siku moja na kushtuka. Doa lililo juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto ukiitazama sensa kwa mbele. Kulia na kushoto havibadiliki, juu na chini ndivyo vinavyogeuka.

Zima feni, shika kamera maunti ikitazama chini, puliza mara sita au saba kwa kipulizo cha mpira bila ncha kuingia ndani. Pima tena. Mara nyingi kazi huishia hapo. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate yana chumvi na mafuta. Usitumie kopo la hewa ya shinikizo, maana hutema kimiminika baridi.

Doa lisilotoka kwa upepo, ambalo kwa pwani mara nyingi ni tone la chumvi lililokauka, linahitaji kijiti cha kusafishia chenye upana sawa na sensa: 24 mm kwa fremu kamili, 16 mm kwa sensa ndogo ya APS-C. Matone mawili ya dawa yake yatosha. Sukuma kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa mkono mwepesi, geuza upande wa pili, rudi mara moja, tupa. Usitumie kijiti kilekile tena. Kwa bodi ambayo sensa yake huelea kwa ajili ya utulivu, tumia hali ya kusafisha iliyo kwenye menyu na usikandamize.

Fokasi inakwenda mbele na nyuma bila kushika

Anza na swichi iliyo ubavuni mwa lenzi: huenda iko MF (fokasi ya mkono), au kikomo cha umbali kimewekwa kwa vitu vya mbali pekee. Kisha umbali wenyewe. Lenzi nyingi za 85 mm hazishiki kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 80 hivi.

Baada ya hapo, tazama unachokilenga. Kwenye kamera nyingi hizi, nukta za fokasi zilizo juu ya sensa husoma tofauti za mlalo tu, kwa hiyo hushika mistari iliyosimama na kuikosa iliyolala. Na Mombasa, mtu hulenga nini? Upeo wa bahari, mstari uliolala kuliko yote. Kamera inahangaika, mpiga picha analaumu lenzi. Geuza kamera wima, shika fokasi, rudi mlalo, piga. Au lenga mlingoti wa ngalawa au shina la mnazi lililo umbali uleule.

Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale tatizo ni la namna nyingine: mtu amesimama mlangoni, nyuma yake kuna jua. Uso ukiwa giza kwenye kitazamio, kitambua macho mara nyingi hakina cha kushika na kinahamia ukingo wa mlango. Ongeza mwanga kwa +1 au +1.3, uso ufunguke, kitarudi. Kwa aliyevaa nikabu, usitegemee kitambua uso. Tumia nukta moja ndogo na uiweke jichoni mwenyewe.

Baadhi ya kamera hufokasi upenyo ukiwa umefungwa kwenye namba uliyoichagua. Ukiwa f/11 ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, zitahangaika. Fungua hadi f/4 uone tofauti. Na chagua hali inayofaa: AF-S kwa kilichotulia, AF-C kwa kinachotembea. Tuktuk inayokuja kwako kwa AF-S itakuwa imeshapita fokasi kabla shata haijafunguka.

Fokasi imeshika, lakini meli ya mbali ina mawimbimawimbi

Hii inawasumbua wenye lenzi za 400 mm na 600 mm wanaopiga meli zikiingia Kilindini. Kingo za makontena zinacheza, herufi hazisomeki, na picha kumi mfululizo zina ulaini tofauti. Hakuna lenzi ya kutibu hilo. Ni hewa moto inayopanda kutoka lami, mchanga na mawe na kuupinda mwanga. Piga kabla ya saa mbili asubuhi, au siku ya mawingu, au sogea. Dirisha la gari lililosimama juani nalo hufanya vivyo hivyo, hasa ukipiga juu ya boneti.

Picha zote kumi zikiwa laini sawasawa, hapo ndipo uiulize kasi ya shata. Tuktuk inataka 1/500, watoto wanaoruka majini 1/1000.

Kamera inasema hakuna lenzi, au upenyo unasomeka F--

Zima, toa lenzi, tazama pini za mawasiliano za pande zote mbili. Kwa hewa yetu hupata utando usioonekana. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kutoka duka la dawa, pitisha mara moja, acha ikauke dakika mbili. Ufutio wa penseli unaopendekezwa na wengi husafisha kweli, ila chembe zake huangukia kwenye sensa, na huchubua dhahabu ya pini. Rudisha lenzi na uizungushe mpaka isikike imejifunga. Milimita mbili za kuzembea hapo zinatosha kuleta dalili hii.

Ikiwa lenzi ni ya kale kupitia adapta isiyo na pini, kamera inasema kweli: haioni kitu. Ruhusu kwenye menyu upigaji bila lenzi, na shata itafanya kazi. Halafu ingiza urefu wa lenzi kwa mkono, mfano 135 mm, kwenye mipangilio ya utulivu wa sensa. Bodi ikidhani una 50 mm, itarekebisha mtikisiko pungufu, na picha zitatoka zimetikisika.

Adapta zenyewe zina magonjwa yake. Lenzi isiposhika mbali kabisa, adapta ni nene mno, na ikipita mbali kabisa na kuendelea, ni nyembamba. Hesabu ni ya kutoa tu. Maunti ya Canon EF hukaa 44 mm kutoka sensa na ya RF 20 mm, kwa hiyo adapta ni 24 mm. Nikon F ni 46.5 na Z ni 16, adapta ni 30.5. Sony E ni 18. Pima kwa kalipa, maana hata sehemu ya kumi ya milimita huonekana kwenye lenzi pana. Lenzi ya Canon EF juu ya adapta tupu hubaki wazi hadi mwisho kwa kuwa upenyo wake ni wa umeme. Nikon ya aina ya G hufanya kinyume, hujifunga kabisa, mpaka upate adapta yenye pete ya kuufungua. Na Nikon AF-D hazifokasi zenyewe kwenye FTZ, adapta ya Nikon ya kutoka F kwenda Z, kwa sababu adapta hiyo haina mota. Usiitume kwa fundi.

Wala usitume lenzi kwa sababu inagongagonga ndani ukiitikisa. Lenzi zenye mota za mstari huachia vioo vyake vikitelezateleza umeme ukizima. Iwashe, na sauti ikikoma, ni nzima.

Michirizi ya giza chini ya taa za ukumbi

Umeme wa Kenya ni hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, na kwenye kamera nyingi usomaji huo huchukua muda wa kutosha kunasa mipepeso kadhaa. Hama kwenye shata ya kimakanika, weka 1/100 au 1/50, michirizi itapungua au kuisha. Taa za LED za mapambo ya jukwaa hupepesa kwa kasi zao wenyewe, kwa hiyo kama kamera yako ina mpangilio wa kupunguza mpepeso, hapo ndipo mahali pake. Kwa video, kamera iliyonunuliwa kutoka Marekani au Japani mara nyingi imewekwa mfumo wa video wa NTSC, fremu 30 na shata 1/60. Igeuze PAL, fremu 25, shata 1/50. Baadhi ya kamera zitataka kadi ifomatiwe kwa mabadiliko hayo, kwa hiyo nakili picha kwanza.

Flashi haiwaki, au inawaka na kitazamio ni cheusi

Haiwaki: uko kwenye hali ya kimya, inayotumia shata ya kielektroniki. Bodi nyingi hukataa flashi kwa shata ya kielektroniki. Inawaka lakini nusu ya picha ni nyeusi: umezidi kasi ya ulinganifu (kasi ya juu kabisa ya shata inayokubaliana na flashi), kwa kawaida 1/200 au 1/250. Kitazamio cheusi studioni, kwa f/8 na ISO 100, ni kamera inayokuonyesha picha ilivyo bila flashi. Zima kwenye menyu onyesho la athari za mipangilio, na utaona chumba.

Skrini ikiwa giza nje tu, na ukilaza kichwa inarudi, vua miwani ya jua.

Kanzu imepotea, buibui limekuwa la kijivu

Kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu. Kundi la kanzu nyeupe hulififisha, kwa hiyo ongeza +0.7 hadi +1. Buibui hulipausha, punguza −0.7 hadi −1. Washa mistari ya onyo la mwanga kwa asilimia 100, na itakapoanza kugusa kanzu penye jua, simama hapo. Chini ya turubai la kijani nyuso zote huwa za kijani. Pima mizani ya nyeupe kwa karatasi nyeupe iliyo chini ya turubai hilohilo, si nje.

Kamera imezima yenyewe katikati ya video

Bodi nyingi zimeandikiwa kufanya kazi hadi nyuzijoto 40 za hewa, na bodi nyeusi iliyo juani hupita hapo haraka. Vuta skrini iachane na mgongo wa kamera, weka mwavuli, shuka kutoka 4K ya fremu 60 hadi 25, na kama kuna mpangilio wa kikomo cha joto, upandishe. Usiiache ikitazama jua saa za mapumziko, wala mgongo wake ukitazama jua: lenzi ndogo ya kitazamio hukusanya miale na kuunguza skrini iliyo ndani. Doa hilo halitibiki ila kwa kubadilisha.

Betri kuisha mapema ni tabia ya kamera hizi, kwa sababu sensa na skrini huwaka wakati wote. Beba mbili za ziada. Iliyovimba usiilazimishe kuingia.

Kadi haisomeki, au video inakatika

V30 maana yake ni angalau megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kuandika. Video ya megabiti 400 kwa sekunde inahitaji megabaiti 50, basi V60. Namba kubwa iliyochapishwa mbele ya kadi mara nyingi ni ya kusoma. Kadi za bandia zipo tele, zimeandikwa GB 128 na ndani ni 16. Ijaribu kwa programu ya H2testw au F3 siku unayonunua, muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Fomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Picha zikipotea, acha kupiga papo hapo, telezesha kifungo cha kadi kuizuia isiandikwe, na tumia programu ya kuokoa picha ya PhotoRec kuzinakili kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Pini za kadi ya SD zikiwa na rangi ya kahawia, pitisha spiriti ileile ya isopropili kabla ya kuiingiza tena, kwa sababu kutu hiyo huhamia kwenye pini za kamera, na hizo haziuzwi dukani.